Redio ya Ng'ambo ya Mahindi

Kambi ya barabara, kaskazini ya Lodwar
12 Februari 2017

Nyaguthii, mtoto wa marehemu dada yangu,

Nakusalimu kutoka huku ambako hata kivuli kinatoka jasho. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini huo nimeuzoea. Tunamwaga zege la makalvati, na tukimaliza moja tunasogezwa mbele penye mawe zaidi. Simu hapa ni ya kuangalia saa tu, mtandao hakuna. Barua hii inaletwa na Munene, dereva wa lori la simiti. Jibu mwachie pale Langas kwa Jacktone, kwenye kibanda mnachotengenezea simu. Atapitia.

Goti la Mama linaendeleaje? Mbuzi amezaa?

Neno lenyewe ni hili. Mwezi wa nane kuna kura. Mwaka wa 2008, fujo za kura zilipokuja, ulikuwa mtoto, lakini si mtoto wa kusahau nyumba ikiungua. Sasa Mama yuko peke yake shambani Ziwa, na wewe unamfikia wikendi tu. Nimepata chumba Nakuru na nataka ahamie huko kabla ya Agosti. Amekataa. Eti shamba likilala msimu mmoja litajitafutia mwenyewe mwingine.

Munene ananiambia wewe unataka kumtengenezea kengele ya redio ili abaki. Nieleze hiyo kengele. Mimi shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo usinifiche nyuma ya maneno makubwa. Ikifanya kazi hadi mwisho wa Julai, Mama abaki. Isipofanya, nitakuja nimbebe mwenyewe. Mtoto wa kiume aliyebaki ni mimi na uamuzi ni wangu.

Thuo


Langas, 26 Februari 2017

Kwako Anko Thuo,

Pole kwa jua. Mama yako, Cucu wangu, ni mzima. Goti ni lile lile, na mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe kabisa ambaye Cucu anasema ni wa padri. Jacktone anakusalimu na kuuliza kama huko mnalipwa kwa maji.

Nianze na simu, maana najua utauliza kwa nini Cucu asipige tu. Huizima ili chaji isiishe, kisha anasahau ameiweka wapi. Na pale nyumbani mtandao uko langoni tu, tena ukiinua mkono.

Kengele yangu ni masanduku mawili. Ndani ya kila moja kuna kompyuta ndogo kama kiberiti, inaitwa Arduino, pamoja na kipande cha redio. Kompyuta haikunisumbua. Kilichoninyima raha ni kuchagua redio, maana za bei nafuu ni nyingi na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya bei ya chini kabisa ni ndugu ya rimoti za geti. Inatuma upande mmoja tu. Inapiga kelele na haijui kama kuna aliyesikia. Niliikataa siku hiyo hiyo. Cucu atabonyeza, halafu ataketi akingoja bila kujua. Sitaki angoje hivyo tena.

Kuna ya WiFi. Ni nzuri, lakini inataka ruta, na inakula betri kama ng'ombe wa gredi.

Niliyochagua inaitwa nRF, ile yenye antena. Inatuma na kupokea. Ikituma inangoja jibu, na jibu likikosa inarudia. Bei yake hata mimi naimudu. Ya kwanza niliiunguza kwa sababu nilisahau kwamba haitaki volti tano, inataka tatu na kidogo. Jacktone akasema, "Umechoma lunch yako, sasa kula moshi."

Lakini Anko, sanduku kusikia si mtu kusikia. Kwa hivyo upande wa pili nimeweka kitufe. Cucu akibonyeza, kengele inalia kule. Taa ya kijani kwake haiwaki mpaka mtu wa kule abonyeze naye.

Jumamosi nilipima. Mahindi yalivunwa zamani, shamba ni jeupe mpaka ng'ambo ya kijito. Nilisimama huko na sanduku mkononi, likalia, nikajibu. Nikamsikia Cucu kwa mbali: "Imewaka! Wee Nyaguthii, imewaka!" Sauti yake ilifika bila redio.

Nyaguthii


Kambini, 19 Machi 2017

Nyaguthii mpwa wangu,

Barua yako ilifika ikiwa na vumbi la simiti na nimeisoma vizuri. Huku tuko salama, isipokuwa mwenzetu mmoja aliyeangukiwa na karai la zege mguuni. Mwambie Jacktone tunalipwa kwa maji, na maji yenyewe yana chumvi.

Nimewasomea wenzangu ile sehemu ya sanduku kusikia na mtu kusikia. Tulikuwa tunakula, na watu waliacha kutafuna. Msimamizi wetu, ambaye hasifu hata zege likinyooka, alisema, "Huyo msichana ana kichwa." Nikamwambia kichwa ni cha kwetu, mimi nilipewa mgongo. Kweli nimefurahi. Sikujua ukiwa kwenye kile kibanda unafikiria mambo ya namna hiyo. Nilidhani ni vioo vya simu tu.

Nina swali moja. Umesema mtu wa kule abonyeze. Mtu wa kule ni nani?

Nisalimie Mama. Mwambie yule mbuzi mweupe asimpe padri kabla sijamwona.

Anko wako, Thuo


Langas, 7 Mei 2017

Anko mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, barabara ya Ziwa ilikuwa matope na sikutaka kukuandikia bila kumwona Cucu. Mvua imekuja vizuri. Tulipanda mwezi uliopita na mahindi sasa yananifika magotini. Cucu amepalilia nusu ya shamba mwenyewe na hataki kusikia habari za kibarua. "Nimlipe mtu anikanyagie mahindi?"

Kengele inaendelea. Kwa siku kadhaa ilikuwa inakatika ikianza kutuma. Nikagundua kwamba redio ikituma hunyonya umeme wa ghafla, na nyaya zangu nyembamba hazileti kwa haraka. Nikaunga kapasita karibu na miguu yake. Ni kama kuweka jerikeni la akiba kando ya bomba linalotoa maji kidogo kidogo. Tangu hapo imetulia. Sanduku la Cucu nimelitundika jikoni, juu ya chumvi, mahali asipoweza kusema halioni.

Anafanya mazoezi kila Jumamosi. Mara nyingine anabonyeza kabla sijamwambia. Nikimuuliza anasema, "Nilitaka kujua kama wamelala."

Nguo ulizoagiza kupitia Munene nimempa. Soksi ni za Cucu, usimwambie mtu ni za kike.

Wako, Nyaguthii


Kambini, 4 Juni 2017

Nyaguthii,

Soksi zimefika, nimezivaa, hakuna anayezitazama. Afya yangu si mbaya. Kalvati la mwisho limepasuka na tunalivunja lote kwa nyundo, kwa hivyo mikono yangu leo haiandiki vizuri.

Hiyo ya jerikeni nimeielewa bila kusoma mara ya pili. Walimu wangu wangefundisha hivyo, pengine leo ningekuwa ofisini nikiwasumbua wengine.

Lakini hukunijibu. Nilikuuliza mtu wa kule ni nani, ukaniletea habari za chumvi. Na Mama amesema "wamelala". Ni akina nani hao wanaolala? Nazijua nyumba zote za ile ridge. Nijibu.

Thuo


Ziwa, 9 Julai 2017

Anko Thuo,

Cucu anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni anatoa punje za maharagwe, na ameniambia nikuandikie kila kitu nisipake sukari.

La kwanza ni baya. Kengele imekufa. Haikufa siku moja. Mwezi wa tano ilikuwa inajibu mara ya kwanza, mwezi wa sita ikawa mara ya tatu, ya nne, na wiki iliyopita Cucu alibonyeza mpaka kidole kikamchoka. Nilibadilisha betri. Nilibadilisha redio zote mbili, nikidhani nimeuziwa za kuiga. Nikafungua sanduku nikitafuta maji. Mchana lilikuwa nafuu, asubuhi baada ya mvua halijibu kabisa.

Jana nililibeba nikitembea. Kwenye njia ya ng'ombe, pale peupe, lilijibu mara moja. Nikaingia kwenye mahindi, kimya. Nikatoka, likajibu. Nikaingia tena. Anko, ni mahindi! Yamenipita kichwa na kila jani limejaa maji. Mawimbi ya nRF ni mafupi, na majani mabichi yanayanywa njiani. Nilipima Februari, shamba likiwa limevuliwa nguo. Mtu aliyekulia Ziwa ndiye aliyesahau kwamba mahindi hukua! Jacktone alicheka mpaka akashika meza. "Wewe ni fundi gani? Umempima mama kabla ya mimba, halafu unamshonea nguo ya mwezi wa nane!"

Kura ni mwezi wa nane na mahindi hayavunwi kabla yake. Natafuta redio nyingine.

La pili ni swali lako. Sanduku la kule liko kwa Mzee Bethwel. Tangu Februari. Nilijua utakavyosema, ndiyo maana nilinyamaza. Lakini hakuna nyumba nyingine karibu, Anko. Majirani wetu wa zamani waliuza na hawakurudi. Ni yeye na mkewe Priscah, ng'ambo ya kijito, au hakuna mtu.

Nyaguthii


Kambini, 16 Julai 2017

Nyaguthii,

Msalimie Mama. Habari za huku sina.

Bethwel. Kwake tuliazima jembe la kukokotwa, na kwetu alikuja kuazima mashine ya kunyunyiza dawa. Alikula kwenye mazishi ya baba yangu. Siku ile ya Januari 2008, nyumba ilipochomwa, mimi nilikuwa Naivasha kwenye mashamba ya maua, lakini Mama alinisimulia mara moja, na mara moja ilitosha. Alipiga nduru mpaka sauti ikakatika. Kwetu na kwao, ijapokuwa lugha ni mbili, nduru ikilia, aliyesikia hutoka. Anatoka hata kama mmegombana, hata kama ana sabuni mwilini. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Hapakuwa na jani la kunywa sauti ya Mama. Bethwel hakutoka.

Na wewe umempelekea redio ya kumsaidia kusikia.

Mwisho wa Julai haujasogea. Chumba cha Nakuru bado kipo.

Hilo la mahindi nimelisoma tena na tena. Nimekasirika, lakini sijawa mwongo: kazi uliyofanya ya kuingia na kutoka shambani mpaka ukajua, ni kazi ya mtu mzima.

Thuo


Ziwa, 30 Julai 2017

Anko,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa umepoa. Mbuzi mweupe amekula ukurasa mmoja wa kalenda ya kanisa, Cucu anasema sasa ni wa padri kweli.

Nimepata redio. Inaitwa HC-12. Ni ya ukoo wa zile za rimoti nilizokataa mwanzoni, mawimbi yake ni marefu, lakini hii inatuma na kupokea. Nilidharau ukoo mzima kwa sababu ya mtoto mmoja. Ni ghali kuliko nRF, lakini si ya kutisha. Kuna nyingine za kufika mbali zaidi, hizo kwa bei yake sikuzigusa. Mawimbi marefu hayababaishwi sana na majani. Antena nimezipandisha juu ya mabati kwa miti, maana chini ya mabati redio yoyote hupofuka.

Nimepima asubuhi, mvua ikidondoka kutoka kwenye majani. Nimepima nikiwa nimezama katikati ya mahindi. Nimepima Cucu akibonyeza bila kuniambia. Taa inawaka, Anko. Inawaka kila mara.

Sasa ya Mzee Bethwel. Nilienda kubadilisha redio kwake nikiwa nimejaa barua yako. Sikumuuliza neno. Nilikuwa juu ya ngazi, yeye ameishika, akasema mwenyewe: "Siku ile nilisikia. Usifikiri sikusikia. Nilikaa ndani." Aliendelea kushika ngazi mpaka nikashuka.

Mkewe Priscah naye akaja. Alisimama akitazama kitufe, mikono kiunoni. "Kwa hivyo hii ni ya nyinyi kutuita?"

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi? Kwetu hakuna shida? Kwetu ni mbinguni?"

Nikaona haya. Redio inasema pande zote mbili, ni mimi niliyeipa mdomo mmoja. Nikakaa pale nikarekebisha, kila upande uweze kuita na kujibu. Priscah akabonyeza kujaribu, na nilipofika nyumbani nilimkuta Cucu amekasirika kwa sababu alikuwa ameacha ugali uungue ili ajibu.

Mwisho wa Julai ni kesho. Sijui utaamua nini. Nimechukua likizo, nitakaa naye wiki zote hizi.

Nyaguthii


Ziwa, 20 Agosti 2017

Anko Thuo,

Hukujibu, na nimesikia kuwa malori yaliegeshwa kwa sababu ya kura. Au uliamua kunyamaza. Kwa vyovyote, Cucu yuko hapa, mzima, na goti limevimba kwa sababu nitakayoeleza.

Siku ya kura tulipita salama. Matokeo yalipotangazwa watu walijifungia. Jumamosi yake barabara ilikuwa tupu, hata bodaboda hakuna, maduka ya Ziwa yamefungwa. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nafua, Cucu yuko jikoni, kengele ikalia.

Cucu akasema, "Hii inalia nini? Mimi sijagusa!"

Nilisimama na povu mkononi. Nilifikiria kila kitu, Anko. Mambo ambayo sitaki kuyaandika. Nikasema, "Cucu, ngoja kwanza, hatujui ni nini." Lakini alikuwa ameshabonyeza.

"Umefanya nini?"

"Nimejibu. Sasa taa imewaka kwao. Unataka wangoje?"

Akafunga leso kiunoni akaingia kwenye mahindi. Na lile goti! Nilimfuata nikisikia tu majani yakipasuka mbele yangu, simwoni.

Alikuwa ni ng'ombe. Yule mweusi wa Priscah alikuwa anazaa na ndama amekwama, mguu mmoja umekunjika ndani. Daktari wa mifugo alikataa kutoka, na Mzee Bethwel alikuwa ameenda kwa miguu kutafuta mwingine. Priscah alikuwa amekaa kwenye matope anaongea na ng'ombe kwa Kinandi. Cucu alijipaka mafuta ya kupikia mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilipewa mkia. "Shika mkia, Nyaguthii, usishike moyo wako!" Alisukuma ndama nyuma, akatafuta mguu, akaunyoosha polepole huku akimsuta ng'ombe kama ni mkwe wake. Ndama alitoka jike, hai.

Mzee Bethwel alirudi bila daktari. Alimkuta Cucu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, damu mpaka kwenye viwiko, anakunywa chai. Alimtazama ndama. Kisha akasema, "Mama Thuo. Ulisikia."

Cucu akasema, "Ililia. Ningefanya nini?"

Hakusema kwa ukali, Anko, wala hakusema kwa upole. Alimaliza chai. Mzee Bethwel alivua kofia na hakuivaa tena mpaka tulipoondoka, na alitusindikiza mpaka mlangoni kwetu.

Swali lako ni kama Bethwel atatoka Cucu akiita. Cucu hajabonyeza kuita mwezi wote huu. Siwezi kukuambia nisichokipima.

Nyaguthii


Kambini, 10 Septemba 2017

Nyaguthii mpwa wangu,

Barua zako mbili nimezipata siku moja, Munene alizileta pamoja. Ile ya Julai nimeijibu kichwani, haina haja ya karatasi. Mimi ni mzima. Tumefika mahali pa mchanga, tunachimba na unarudi.

Nilisoma ya ng'ombe peke yangu kwanza, nyuma ya lori. Halafu nikawasomea wenzangu. Kulikuwa na Mkalenjin mmoja na Waluhya wawili, na Mturkana anayetulindia mitambo. Yule Mturkana aliuliza kitu kimoja tu, kama ndama alisimama mwenyewe. Nikasema nitakuuliza.

Miezi yote hii nilikuwa nauliza kama Bethwel atatoka. Sikuuliza hata mara moja kama Mama atatoka. Na wewe ulijua redio inapaswa kusema pande mbili kwa sababu mwanamke aliweka mikono kiunoni akakuuliza, ukaona haya, ukashika koleo ukarekebisha. Hapo ndipo nakuvulia kofia. Wapo wenye elimu kubwa na wapo wenye redio kubwa, lakini wa kurekebisha hapo hapo ni wachache.

Nasikia kura imefutwa na itarudiwa Oktoba. Mahindi yatakuwa bado yamesimama, au yamekauka? Pima tena, usiamini Agosti.

Chumba cha Nakuru nimekiachilia, kimepewa mtu mwingine. Mama abaki shambani. Lakini usimwambie kwamba mimi ndiye niliyeamua. Atakuuliza ni nani aliyeniomba niamue.

Anko wako,
Thuo